Gelimer, mfalme aliyeomba mkate, sponji na kinubi

Habari za Wavandali, kabila la Kijerumani lililotawala Afrika Kaskazini, watu wanamtaja mfalme Genseric tu, aliyeuchukua mji wa Carthage mwaka 439 na kuipora Roma 455, na ni haki yake, jamaa alikuwa noma. Ila mimi anayenigusa ni Gelimer, mfalme wao wa mwisho kabisa, na naumia nikisikia anaitwa mjinga aliyepoteza ufalme kwa kulia vitani.

Kosa lake la kweli lilianza mapema. Genseric aliacha utaratibu kwamba kiti kinakwenda kwa mwanaume mkubwa kwa umri kuliko wote kwenye ukoo, na Gelimer ndo alikuwa anafuata baada ya mfalme Hilderic, ambaye keshazeeka. Yani angesubiri tu! Lakini Hilderic alikuwa rafiki wa Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki, aliwalegezea Wakatoliki wakati Wavandali ni Wakristo wa Kiario, wanaosema Yesu si sawa na Mungu Baba, alafu jeshi lake likapigwa na Wamauri, wenyeji wa Afrika Kaskazini, Wavandali wakamchoka, na mwaka 530 Gelimer akampindua akamweka ndani. Justinian akaandika barua ya kulalamika, Gelimer akamjibu kwa jeuri kwamba kila mfalme ashughulike na ya kwake. Sababu ya vita ikapatikana, na Justinian mwaka 532 alikuwa ameshafanya amani na Uajemi, kwa hiyo mikono yake ilikuwa huru.

533 Belisarius, jenerali wa Justinian, akashuka pwani ya Tunisia ya leo na askari kama 15,000. Meli 120 za Wavandali na watu 5,000 walikuwa kisiwa cha Sardinia kuzima uasi, chini ya Tzazon, ndugu yake Gelimer. Tarehe 13 Septemba wakakutana Ad Decimum, maili 10 kutoka Carthage, na kwa kweli Gelimer alikuwa anashinda, ameshawatimua askari wa mbele wa Belisarius, ndo akakuta maiti ya ndugu yake mwingine, Ammatas. Akasimama palepale, akalia, akaanza habari za mazishi, na huku Belisarius anakusanya watu wake, akarudi, Wavandali wakatawanywa. Siku mbili baadaye Belisarius yuko Carthage kwenye kiti cha Gelimer, anakula chakula kilichopikwa kwa ajili ya Gelimer. Mimi kwa kilio kile simlaumu hata kidogo. Namlaumu kwa Hilderic, aliyeuawa gerezani siku hizohizo kwa amri yake, hilo halina utetezi.

Tzazon akarudi haraka, wakakumbatiana wakilia bila kusema neno, na Desemba huko Tricamarum naye akauawa.

Gelimer akakimbilia mlima Pappua kwa Wamauri, akazingirwa huko baridi yote. Procopius, katibu wa Belisarius, anasimulia kwamba alimwandikia Pharas, kamanda aliyemzingira, akiomba vitu vitatu: mkate, maana hajauona tangu apande mlimani, sponji ya kusafishia jicho lililovimba, na kinubi, apate kuimba wimbo alioutunga juu ya masaibu yake. Pharas akavituma vyote, ila ulinzi haukulegea.

Kilichomvunja si njaa yake mwenyewe. Mama mmoja wa Kimauri alisaga nafaka kidogo akafanya kimkate kimoja, akakifukia kwenye majivu ya moto, watoto wawili wamekaa wanakitolea macho, mmoja wake na mwingine wa ukoo wa Gelimer. Yule wa Gelimer akakinyakua akakitia mdomoni na majivu yake, kinaunguza, mwenzie akamkamata nywele akampiga mpaka akakitema. Gelimer anaangalia. Machi 534 akajisalimisha, na alipofika mbele ya Belisarius akaangua kicheko, wengine wakadhani amerukwa na akili.

Constantinople, mji mkuu wa Justinian, akapitishwa mbele ya watu mpaka uwanja wa mbio za farasi, amevaa zambarau, hakulia, alirudiarudia tu maneno ya kitabu cha Mhubiri kwenye Biblia, ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili. Wakamvua zambarau, wakamlaza kifudifudi mbele ya Justinian. Alafu wakampa mashamba Galatia, Uturuki ya leo, akaishi huko na jamaa zake, na cheo cha patrisi, heshima kubwa ya Kirumi, kilikuwepo pia ila kwanza aache imani yake ya Kiario, akakataa.