Jinsi nilivyochagua kipandikizi cha goti langu

Nilipoelezwa kwamba ligamenti ya msalaba ya mbele, yaani utepe imara unaoshikanisha mfupa wa paja na wa muundi ndani ya goti, imekatika kabisa katika goti langu la kulia, nilidhani kilichobaki ni kupanga siku ya upasuaji. Daktari bingwa wa mifupa akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kano ya kutengenezea ligamenti mpya itolewe wapi?

Alianza na theluthi ya katikati ya kano inayounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi, ambayo hutolewa pamoja na kipande cha mfupa katika kila ncha. Kwa kuwa mfupa huungana na mfupa mapema kuliko kano inavyoshikamana na mfupa, wachezaji wengi wa mpira hupendekezewa njia hiyo, nami nilikaribia kuikubali. Kilichonizuia ni kazi yangu ya kuweka vigae, ambayo hunishindisha nimepiga magoti, na maumivu ya kupiga magoti ndiyo lalamiko kuu la wanaochukuliwa kano hiyo.

Kano ya marehemu niliikataa upesi, maana kwa vijana wanaorejea michezoni hukatika mara nyingi zaidi, nami nilikuwa na miaka 26. Kano ya misuli ya mbele ya paja ni nene na imara, lakini daktari alikiri kwamba ameitumia mara chache, nami sikutaka awe anajizoeza kwangu.

Zikabaki kano mbili za nyuma ya paja, ambazo hukunjwa zikawa nyuzi nne. Wasiwasi wangu ulikuwa unene, kwa sababu kipandikizi kisichofika milimita 8 kina hatari kubwa zaidi ya kukatika, na kipimo cha uhakika hupatikana kano zikishatolewa. Tulikubaliana mapema kwamba zikiwa nyembamba atazikunja mara zaidi badala ya kuongezea kano ya marehemu. Zangu zilifika milimita 8.5.

Wiki za mwanzo nyuma ya paja paliniuma kuliko goti lenyewe. Mwezi wa tatu nilijiona mzima, ingawa kipandikizi kilikuwa bado dhaifu, hivyo nilivumilia mazoezi ya viungo na kurudi uwanjani mwezi wa kumi, baada ya kupimwa kuruka kwa mguu mmoja. Leo napiga magoti kazini bila maumivu; ngozi ya chini ya goti ina ganzi, na nikilala kifudifudi kisigino cha kulia hakifiki kalioni bila kusaidiwa na mkono.