Kiganja juu ya kashata

Julai 2018 niliondoka Dodoma alfajiri kuelekea Ziwa Natron, nikiwa juu ya Yamaha Ténéré ya cc 660 niliyoinunua mkononi mwa mtu. Matairi yalikuja nayo. Usiku wa kuamkia safari niliyapima kwa kuchomeka rula kati ya kashata, vile vipande vya mpira vilivyoinuka juu ya tairi: nyuma milimita 5, mbele 6. Nikalala nimetulia kuhusu la mbele. Wasiwasi wangu ulikuwa la nyuma, maana katikati lilikuwa limeshafanya bapa. Kwenye kona za Bereko, kabla ya Babati, bapa ile niliisikia waziwazi. Unalaza pikipiki, inasita, halafu ikivuka ukingo wa bapa inalala ghafla kuliko ulivyotaka.

Mto wa Mbu nilifika saa nane mchana. Karibu na soko alikuwepo fundi pancha mmoja, mtu mzima, amekaa chini ya mti na pampu yake. Nilitaka anipimie upepo tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na mzigo wote huo unakwenda wapi?"

"Natron."

Hakugusa pampu. Alizunguka nyuma kwanza, akainama. "Hili limekula lami, tena limebebeshwa. Tazama pembeni, kashata bado zina vinyweleo vyake vya kiwandani, katikati zimenyolewa. Lakini litakufikisha." Kisha akachuchumaa mbele, akakaa pale muda mrefu.

"Kijana, lete mkono."

Akakishika kiganja changu, akakilaza juu ya tairi la mbele na kukisukuma kufuata mzunguko. Kiliteleza vizuri. Akakirudisha nyuma. Kikakwaruzwa, sawa na mtu anayepapasa magamba ya samaki kutoka mkiani. Kila kashata ilikuwa imelika upande mmoja, ukingo ukawa mviringo, na upande wa pili ukabaki umesimama. Breki za kwenye lami ndizo hufanya hivyo: kila ukishika breki ya mbele, kashata inapinda, sehemu ile ile inasuguliwa, kilomita baada ya kilomita. Rula yangu ilikuwa imesoma kina cha mfereji. Umbo la kashata haikulisoma hata kidogo, na kwenye mchanga kinachouma ardhi ni ukingo.

Akabonyeza mpira kwa ukucha wa dole gumba. Haukubonyea. Akanionyesha tarakimu nne ubavuni, 2211, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2011. Miaka saba. Chini ya kashata kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, nami nilikuwa nimeziosha mara nyingi bila kuziona.

Alinishauri mambo mawili. La kwanza, alivue tairi la mbele aligeuze, ili kingo zilizosimama zichukue nafasi ya zile zilizolika. Nikakataa, kwa sababu ubavuni kuna mshale wa mzunguko, na kwa tairi la mbele mshale ule umewekwa kwa kufikiria nguvu ya breki. La pili, ashushe upepo kutoka psi 32 hadi 22 ili tairi lilale na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Nalo nikalikataa. Ténéré ile ina ringi za spoku na tubu ndani. Upepo ukiwa mdogo, jiwe moja linabana tubu dhidi ya ringi na kuitoboa matundu mawili. Hoja zangu zote mbili zilikuwa za kweli. Alinisikiliza, akanijazia nilichotaka, akapokea hela yake.

Hadi Engaruka njia ilikuwa ngumu, imejikunja kama bati, na matairi yalinyamaza. Ningependa kueleza zaidi kuhusu Engaruka, kwa mifereji ya mawe ya wakulima wa kale iliyobaki chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, lakini siku ile nilipita bila kusimama, nikikimbizana na jua.

Kama kilomita 15 mbele, ardhi ikageuka vumbi jepesi la volkano, laini kama unga wa ngano, linalofunika vifundo vya miguu. Usukani ukawa mwepesi. Nikaongeza moto kidogo ili pikipiki ijinyooshe. Gurudumu la mbele likaenda kushoto peke yake, nami nikaanguka kulia. Wenzo wa breki ulivunjika, na kifundo cha mkono kikaanza kuvimba.

Vijana wawili wa Kimaasai walikuja na boda yao ya cc 150, wakanisaidia kuinua zaidi ya kilo 200. Mmoja wao ndiye aliyeninyooshea kidole chini. Alama ya boda yao ilikuwa imechapwa vumbini kama mhuri, kashata moja moja, kila kona kali. Yangu ilikuwa mfereji mmoja, kuta zake zimebomoka. Tuliifuata kurudi nyuma kwa hatua kama thelathini, akanionyesha mahali ambapo upande wa nje ulianza kufifia. Nilikuwa nimeanza kuteleza mapema, kabla mwili wangu haujajua.

Mto wa Mbu ilikuwa mbali, kwa hiyo nilirudi Engaruka polepole. Jioni ile, kwa mkono mmoja wenye nguvu na msaada wa mwenye nyumba, nilivua tairi la mbele nikaligeuza, mshale ukatazama nyuma. Nikashusha upepo hadi 24, tofauti ya 2 nikiiachia mawe.

Asubuhi nilipita pale pale. Breki ya mbele sikuwa nayo, kwa hiyo nilikwenda mwendo wa baiskeli, Ol Doinyo Lengai ukiwa mbele yangu umejaa macho. Usukani bado ulicheza, ila ulirudi. Nilipovuka vumbi nilisimama nikageuka kutazama alama. Kashata zilionekana. Hazikuwa kali kama za boda, lakini ungeweza kuzihesabu.

Arusha, siku nne baadaye, nilifunga tairi jipya. Dukani alikuwepo mteja kijana aliyelikuta la zamani limeegemezwa ukutani, akachomeka ncha ya kidole kwenye mfereji, akauliza kama naliuza, kwa maana kashata bado zipo. Nikakishika kiganja chake nikakilaza juu ya tairi. Akakisukuma mbele, akaniangalia, hakuona neno. Nikamwambia akirudishe.