PS3 inayocheza diski za PS2: ninavyoichagua, ninavyoiseti na ninavyoitunza

Ukiambiwa "PS3 hii inacheza gemu za PS2", igeuze uangalie nyuma. Kuna kibandiko chenye namba inayoanza na CECH, na herufi inayofuata hapo ndiyo inayoamua kila kitu. CECHA na CECHB, zilizotoka Japani na Marekani Novemba 2006, zina chipu mbili halisi za PS2 ndani: Emotion Engine, ambayo ndiyo prosesa, na Graphics Synthesizer inayochora picha. CECHC iliyoingia Ulaya Machi 2007, na CECHE ya 80GB iliyofuata mwaka huohuo, zimebaki na Graphics Synthesizer peke yake. Kazi ya Emotion Engine inaigizwa kwa programu na Cell, prosesa ya PS3 yenyewe. Kuanzia CECHG, ile ya 40GB, chipu zote mbili zimeondolewa. Hizo za baadaye, slim na super slim zikiwemo, zinasoma diski za PS1 bila shida, ila ukiweka ya PS2 zinaikataa.

Ishara ya haraka dukani ni matundu ya USB. Yakiwa manne mbele, endelea kuongea bei. Yakiwa mawili, hata muuzaji aape vipi, hiyo siyo. Lakini makava hubadilishwa, kwa hiyo usitegemee macho tu: nenda na diski orijino ya PS2 na uicheze kama dakika 20 kabla ya kutoa hela. Menyu kufunguka si ushahidi, maana mashine yenye tatizo la joto au la lenzi huanza vizuri kisha ikaganda katikati ya gemu.

Kwa nini Sony waliibakiza Graphics Synthesizer na kuitoa Emotion Engine? Chipu hiyo ya picha ina memori yake ya ndani ya 4MB inayopitisha data kwa kasi ya 48GB kwa sekunde. Kuiga kasi hiyo kwa programu mwaka 2007 ulikuwa mzigo mzito mno, wakati kazi ya prosesa, Cell iliimudu kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana CECHC na CECHE zinacheza gemu nyingi lakini si zote. Nyingine sauti inakatikakatika, nyingine video za kati ya gemu zinasuasua. Mimi natumia CECHC03 na sijutii, ila mtu mwenye orodha ndefu ya gemu zisizo maarufu ningemwambia asubiri apate CECHA.

Sasa diski. Hapa Afrika Mashariki wengi tulicheza PS2 zilizotiwa chipu, na diski zetu zilikuwa nakala za kuchoma. Hizo usihangaike nazo, PS3 ambayo mfumo wake haujabadilishwa haizisomi. Unahitaji orijino, tena ya kanda ileile ya mashine, yaani eneo la dunia ilikokusudiwa kuuzwa. Gemu nyingi za PS3 hazina kanda, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu za PS1 na PS2 bado zimefungwa. Soma namba kwenye diski yenyewe: SLES au SCES ni ya Ulaya, SLUS au SCUS ni ya Marekani, na SLPS, SLPM au SCPS ni ya Japani. Kwenye mashine tazama tarakimu mbili za mwisho: 00 ni Japani, 01 Marekani, 03 Uingereza, 04 Ulaya bara. CECHA01 iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani haitakubali SLES uliyonunua kwenye mtumba wa Uingereza.

Kabla ya gemu ya kwanza, tengeneza memori kadi. PS3 haina tundu la kadi ya PS2, kwa hiyo kadi inaundwa ndani ya hadi diski (hard disk). Nenda safu ya Game, fungua Memory Card Utility, chagua kuunda kadi mpya ya ndani, kisha chagua aina ya PS2. Itakuwa na 8MB kama ile ya plastiki, na unaweza kuunda nyingi upendavyo. Hatua ambayo watu huiruka ni kuipangia nafasi: bonyeza pembetatu juu ya kadi, chagua kuipangia, kisha uiweke Slot 1. Usipofanya hivyo gemu itakuambia hakuna kadi, na utacheza saa mbili bila mahali pa kusevu. Ikikutokea ukiwa tayari ndani ya gemu, bonyeza kitufe cha PS, utapata sehemu ya kupanga kadi hapohapo. Kama una sevu za zamani kwenye kadi halisi, tafuta adapta ya USB yenye namba CECHZM1. Ukiichomeka, kadi yako inaonekana kwenye menyu ileile na unanakili kwa pembetatu.

Upande wa picha, fungua Settings, halafu Game Settings. Upscaler, yaani kikuza picha, ina chaguo kadhaa. "Off" inaiacha picha katika udogo wake wa asili, "Normal" inaikuza bila kuharibu uwiano, na "Full Screen" inaivuta ijaze kioo. Mimi huweka Normal, na Full Screen kwa zile gemu tu ambazo ndani ya menyu yake zina chaguo la 16:9. Nyingine zote ukizivuta wachezaji wa mpira wanakuwa vibonge. Smoothing inalainisha kingo zenye meno lakini inafifisha maandishi madogo, hivyo nimeizima. Gemu za PAL (mfumo wa TV wa Ulaya) nyingi hutoka kwa 50Hz, yaani picha 50 kwa sekunde, na baadhi ya TV zilizotengenezwa kwa soko la Marekani haziipokei: unaona kioo cheusi huku sauti ikisikika. Gemu ikikuuliza mwanzoni 50 au 60, chagua 60. Mwendo pia unakuwa mwepesi zaidi.

Kuhusu pedi, tafuta DualShock 3 orijino. Sixaxis ya mwanzo haina mtetemo. Pedi za bandia nyingi zinatetema vizuri, ila vitufe vyake havipimi nguvu ya kidole, na PS2 ilitegemea hilo. Kwenye Metal Gear Solid 2 unashusha bunduki bila kufyatua kwa kuachia kitufe polepole. Kwa pedi ya bandia kila ukiachia risasi inatoka.

Adui wa mashine hizi ni joto. Cell na RSX, chipu ya picha ya PS3 yenyewe, zote ni za nanomita 90 na zinakula umeme mwingi. Kila ukiwasha RSX inatanuka, ukizima inasinyaa, na viungio vidogo vya lehemu kati ya silikoni na kitako chake vinachoka mwaka baada ya mwaka. Vikikatika unaona taa ya kijani, inafuata njano kwa sekunde moja, mashine inalia mara tatu, halafu nyekundu inawakawaka. Fundi atakuambia ataipasha moto kwa hita na itapona. Kweli itawaka, ila itakufa tena, na safari hiyo ikiwa imeumia zaidi. Dawa ya kudumu ni kubadilisha RSX kwa ya kizazi cha baadaye, kazi inayohitaji mashine ya BGA (ya kung'oa na kulehemu chipu) na mtu anayeijua hasa.

Kwa hiyo kinga. Kutoa vumbi bila kufungua: zima swichi kubwa ya nyuma, weka kidole kwenye kitufe cha kutolea diski, washa swichi ya nyuma kidole kikiwa palepale. Feni itanguruma kwa kasi yake yote. Iache sekunde 20 hivi kisha zima. Fanyia nje, vumbi linalotoka si la sebuleni.

Kubadilisha pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipozeo, kunahitaji kufungua mashine. Skrubu ya kwanza imefichwa chini ya kipande cha raba, nayo ni Torx T10 yenye tundu katikati. Bisibisi ya kawaida ya T10 haiingii. Kuwa mpole na nyaya bapa za diski na za vitufe: inua kwanza kifungio, ndipo uvute waya. Safisha pesti ya zamani kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi juu ya kila kifuniko cha chuma, cha Cell na cha RSX. Pesti iliyo chini ya vifuniko nayo hukauka, lakini kuvifungua ni kazi ya mkono wenye uzoefu, hasa cha RSX ambacho chini yake kuna chipu nne za memori pembeni ya silikoni.

Ikisoma gemu za PS3 na kukataa za PS2, angalia lenzi kabla ya kulaumu kitu kingine. Blu-ray inasomwa na leza ya bluu. CD na DVD zina leza yao, na moja inaweza kuchoka nyingine ikiwa nzima. Nunua leza yenye namba KES-400A na ubadilishe hiyo tu. Ile bodi ndogo ya draivu usiiguse, maana imeoanishwa na bodi kuu, na ukiweka ya mashine nyingine hakuna diski ya gemu ya PS3 itakayosoma.

Hadi diski nayo imesimbwa kwa ufunguo wa mashine husika, kwa hiyo RSX ikifa, kadi zako zote za ndani zinakwenda nayo. Kabla hayo hayajatokea, ingiza flashi iliyofomatiwa FAT32, fungua kadi, chagua sevu, bonyeza pembetatu na uinakili. Faili litakaa kwenye PS3/EXPORT/PSV, na PS3 nyingine italipokea.