Chumba cha ndani

Saa 12 asubuhi. Nimeshaswali, chai ya tangawizi iko mkononi, na mbele yangu mchoro wa shina la ubongo: juu ubongo wa kati, halafu ponsi, chini medula inayoshikana na uti wa mgongo. Unene wa kidole gumba tu, na pumzi zetu zinatawaliwa humo. Mimi ni mfiziotherapia, mtu wa tiba ya viungo, hapa Lamu. Wagonjwa wangu wengi wamepatwa na kiharusi.

Saa 2. Napita vichochoro vya Mkomani, nawapisha punda. Mzee wangu wa kwanza, nahodha mstaafu, ana ganzi usoni upande wa kushoto na mwilini upande wa kulia. Mkewe ananivuta pembeni. "Mwanangu, kiharusi si hushika upande mmoja? Hili si jini kweli?"

Swali la haki kabisa. Namchorea. Njia ya maumivu na joto kutoka mwilini huvuka ndani ya uti wa mgongo, kabla haijapanda. Ile ya uso huteremka kwanza upande uleule ndani ya medula, ndipo ivuke. Kidonda kimoja kushoto mwa medula huzikata zote mbili. Adolf Wallenberg, daktari Mjerumani, alieleza hali hii mwaka 1895. Mama anaitazama karatasi kitambo, kisha anaifunga kwenye pindo la leso.

Neva za kumeza nazo hutoka hapohapo. Chai inampalia mzee. Uji mzito, kichwa kikigeukia kushoto, unapita. Vijiko sita leo!

Saa 6 hadi saa 9, hospitali. Magoti, viuno, foleni.

Saa 10 alasiri, mtaa wa Langoni. Kiharusi cha bibi kilipiga thalamasi ya kulia. Mkono wa kushoto una nguvu, lakini haujui kama umeshika tasbihi mpaka aitazame. Thalamasi ni mbili, kama vijiyai katikati ya ubongo. Habari za macho, masikio, ulimi na ngozi hupitia humo kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo. Kwa Kigiriki neno hilo lilikuwa chumba cha ndani cha nyumba, nasi tumekaa ndani hasa, tumeshapita daka la mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani, na misana, zile kumbi ndefu. Harufu peke yake hufika kwenye gamba bila kupitia huko kwanza.

Mjukuu analeta asumini. Bibi amefumba macho. Namwekea ua kwenye kiganja cha kushoto.

"Sihisi kitu, mwanangu." Anavuta pumzi. "Lakini asumini imeingia."

Naliacha ua palepale, tunaanza na kidole gumba.