Maharage ya Mpemba

Julai 2013 nilikuwa utingo wa semi iliyobeba salfa kwenda Lubumbashi. Dereva wangu, mtu wa Tanga, nilimwita Mzee ingawa hata hamsini hakuwa amefika. Sharti lake lilikuwa moja: chakula cha mgahawani mwisho Chalinze. Kuanzia hapo tunapika wenyewe.

Sanduku la vyombo lilikuwa ubavuni mwa tela. Ndani yake jiko la mkaa, sufuria mbili, mwiko, kopo la chumvi, na mbuzi. Naam, mbuzi ya kukunia nazi, maana kwa Mzee maharage yasiyo na tui ni chakula cha jela. Nazi tulipakia Dar. Vitunguu tulichukua Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula baada ya kuumaliza mlima wa Kitonga, mchele na maharage Uyole. Maharage niliyaloweka usiku kwenye ndoo yenye mfuniko, nikasafiri nayo katikati ya miguu.

Foleni ya Tunduma, mpakani na Zambia, tuliikuta eneo la Mpemba, mji wenyewe hatujauona. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni.

"Washa jiko," Mzee akasema. "Leo hapa hatutoki."

Nikaliwasha kando ya tela, nikabandika. Maharage ndiyo kwanza yanaanza kutokota, nikasikia sauti nyuma yangu: "We dogo, una akili kweli? Hujaona nimebeba nini?"

Lilikuwa tanka la petroli. Sijui nilikuwa nimetazama wapi. Nikashika masikio ya jiko kwa matambara, sufuria juu yake, nikavuka mtaro na kupanda mpaka katikati ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Huko nikakaa juu ya mbuzi nikaanza kukuna. Kina mama waliokuwa wakipita na ndoo za parachichi walisimama kabisa kunitazama. Mmoja akauliza kama mke wangu anaumwa.

Saa nne hivi baadaye maharage yakawa yameiva. Kule juu kuna baridi na maharage hayana haraka. Nikamimina tui jepesi, likachemka vizuri. Nimeshika bakuli la tui zito, injini zikaanza kunguruma barabarani. Foleni inasogea! Na ukiacha upenyo pale, mtu anachomekea, unajikuta umelala siku ya ziada kwa ajili ya uungwana.

Mzee alikuwa ameshaondoa gari. Akatoa kichwa dirishani: "Tia tui! Lakini usiache kukoroga, litakatika!"

Nikoroge na jiko nibebe kwa mkono upi? Aliyeniokoa ni utingo wa lile tanka, kijana mwembamba ambaye tangu asubuhi alikuwa akinusa kwa mbali. Akashika sikio moja la jiko, mimi jingine, mkono wangu wa kulia kwenye mwiko. Tukakata mashamba hivyo hivyo, mbali na barabara, sambamba na magari, majivu yakituingia machoni. Tukitua, tunapumua kidogo, foleni inasogea tena. Mara tatu. Mara ya tatu jiko lilipiga kisiki na tui likaruka mpaka kwenye shati la mwenzangu. Akalilamba begani, akasema chumvi bado.

Tulipakua magharibi, wali nimeupika wakati magari yametulia. Mzee akachota, akainamisha sahani kwenye mwanga wa tochi.

"Limekatika," akasema.

Nikanyamaza. Kweli lilikuwa limekatika, vipande vyeupe vinaelea kama maziwa yaliyoganda. Akala, akamaliza, akaongeza.

Ndipo dereva wa tanka, yule yule wa "una akili kweli," akatokea gizani. Alikuwa na sahani yake mwenyewe, na kijiko amekichomeka kwenye mfuko wa shati.