Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwapokea Ndege wa Oktoba Mwanza

Saa kumi na moja alfajiri. Kazi yangu ni kuwaongoza watu wanaotaka kutazama ndege kando ya Ziwa Victoria, na mtaani kwetu kazi hiyo huitwa kushangaa ndege, kana kwamba ni jina jingine la kukosa ajira. Oktoba ndio mwezi wenye pilika nyingi, kwa kuwa huko Ulaya na kaskazini mwa Asia mchana unazidi kufupika, majani yanapukutika, wadudu wanaadimika, na ndege wanaoishi kwa kuwala wadudu hao hulazimika kuhamia kusini. Sisi tulioko takribani nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta hatuyaoni majira hayo kwenye miti wala katika urefu wa mchana, tunayaona angani.

Saa kumi na mbili kasoro robo. "Mwangaluka," ananisalimu nahodha kwa Kisukuma tunapokutana ufukweni karibu na Capri Point, kisha tunakagua mafuta na jaketi okozi.

Saa kumi na mbili ndiyo tuliyopatana na mteja. Alifika saa moja na nusu, jua likiwa limekwisha kuchomoza na ndege wengi wakiwa wametawanyika, naye hakuomba radhi bali aliuliza kama kuna chai. Alikuwa mfanyabiashara kutoka nje ya mkoa, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, nami nikamwamkia. Kabla boti haijaiacha miamba, alikuwa ameshapiga simu mbili akiwa amefungulia spika, na yangeyange waliokuwa wamesimama majini wakaruka wote kwa pamoja.

"Kijana, simba tutamwona saa ngapi?" aliniuliza.

Nilimweleza, kwa upole niliouzoea, kwamba safari aliyoilipia ni ya ndege, na kwamba Serengeti ni safari nyingine kabisa. Nikamwonyesha chamchanga juu ya jiwe, akitikisa mkia wake bila kupumzika, ambaye miezi michache iliyopita huenda alikuwa akilea makinda kando ya mto fulani wa Ulaya. Akatazama upande mwingine. Nikamwonyesha mbayuwayu waliokuwa wakipita chini chini juu ya maji, akasema kwamba hao wamejaa kwenye nyaya za umeme mbele ya duka lake. Ni kweli, na hilo ndilo linalonifanya niwapende: ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi, usiozidi wa barua nyepesi, huvuka bahari na Jangwa la Sahara, kisha wengine huendelea hadi Afrika Kusini. Nikamsimulia habari ya mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni nchini Uingereza mwaka 1911 na kupatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, jambo lililowathibitishia Waingereza ndege wao huenda wapi wakati wa baridi.

Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Huyo aliyemvisha pete alikuwa analipwa na nani?"

Nahodha aligeuka kutazama injini ili asicheke.

Kuanzia hapo sikuitazama saa tena. Upande wa mbali wa ghuba, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi, na ndani yake walikuwamo buabua wenye mabawa meupe, wahamiaji wanaozaliana kwenye mabwawa ya Ulaya Mashariki na Asia, wakipinduka na kudaka wadudu bila kugusana. Kuwahesabu ni kazi ya kuchosha: unahesabu kumi, unakadiria kundi hilo lina kumi ngapi, nao wanageuka kabla hujamaliza, hivyo unaanza upya huku jua likikuchoma kisogo na mteja akikuuliza mara ya tatu kama tunarudi. Sikurudi hadi nilipoandika tarakimu ninayoiamini. Daftari hilo ndilo fahari yangu, kwa sababu orodha zangu huingia katika eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya watazama ndege duniani, na mtafiti aliye mbali anaweza kujua kwamba ndege waliotoka kwao wamefika kwetu.

Mchana upepo wa ziwani ulianza kuvuma, mawimbi yakainuka, shati likalowa, na mteja akanyamaza kwa mara ya kwanza. Tulipofika nchi kavu alitaka apunguziwe malipo kwa sababu simba hakuonekana. Nilimtajia bei ya petroli na jina la nahodha aliyekuwa akisubiri ujira wake, akalipa akinung'unika.

Jioni, mgongo ukiuma, nilikuwa nikinakili orodha ndipo ujumbe ukaingia: familia moja inataka kutazama ndege kesho, ila wangependa kuanza saa nne, baada ya kifungua kinywa. Nikawajibu kwamba tunaondoka saa kumi na mbili, na kwamba simu zizimwe sauti.