Mzani wa Kambini

Siku ya kwanza ya kupima wakata miwa kabla na baada ya kazi, tujue jua linawatoa maji kiasi gani, bonde la Kilombero, mzani ulitwambia kwamba baadhi yao wameongezeka uzito baada ya zamu. Miwa imechomwa usiku, masizi mpaka puani, jua la saa saba, halafu mtu anenepe?

Kosa lilikuwa letu. Asubuhi waliupanda na nguo kavu, mchana na zile zile zimelowa chapa. Jasho likishashikwa na shati limetoka mwilini, lakini mzani bado unalihesabu. Tena tuliuweka juu ya udongo mtupu, ukakanyagwa mpaka upande mmoja ukatitia.

Kesho yake tukaanza upya. Plaiwudi chini, pimamaji juu yake. Kabla ya mtu yeyote, linapanda dumu tulilolijaza kwa chupa ya kupimia, lita 20 kamili: ukitoa uzito wa dumu lenyewe, lazima mzani usome kilo 20. Mkataji anakojoa, anajifuta, anavaa bukta kavu aliyopimiwa asubuhi. Aliyeanza na kilo 60 akarudi na 58.8 amepungukiwa asilimia 2, hata kama alikunywa maji njiani. Maji hayo tuliyaandika pia, maana bila hayo hujui ametoka jasho kiasi gani. Kinachotisha ni figo. Nicaragua na El Salvador wakata miwa wengi wamekufa kwa figo, na joto la kazi linashukiwa sana.

Baada ya mzani, maswali. Yale matano ya Shirika la Afya Duniani kuhusu hali ya moyo, yaani mtu anavyojisikia rohoni, si ugonjwa wa moyo, yanagusa wiki 2 zilizopita. Kila jibu ni 0 hadi 5, jumla unazidisha mara 4. Nyapara alisimama hatua chache tu, basi kila mtu: "Shwari." Hiyo ni salamu, si jibu. Tukahamia nyuma ya jiko, mmoja mmoja, na badala ya kusema wakaweka kokoto: tano ni muda wote, mkono mtupu ni hakuna hata mara moja.

Hata hivyo daftari la kambi lilikuwa na majina mengi kuliko watu. Mama ntilie ndiye aliyetufumbua macho: "Wanangu, mnapima wazima. Yule wa Makete mgongo umemshinda, kapanda basi Jumatatu."

Fomu yetu haikuwa na nafasi yake. Tukachukua rula, tukachora safu tatu pembeni: kaondoka lini, kwa nini, nani kasema.